Mtori wa Daniel

Daniel alikuwa anakula. Hilo Yuditha angeapa mbele ya mchungaji na wazee wote wa usharika wa Masama. Mtoto wa mwaka na nusu alimaliza bakuli la mtori na kulamba kijiko, lakini uzito haukupanda, na kuhara hakukukoma. Majirani, ambao kwa kuchungulia sufuria za wenzao hawana mpinzani, wakanong'ona kwamba mama yule anamnyima mtoto. Mama mkwe wake, Kornelia, hakunong'ona.

"Huyu asiponenepa, ninamchukua nimlee mwenyewe."

"Sawa, mama," Yuditha akaitikia. Aliitafuta hasira asiione. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi muda mrefu.

Akaongeza nyama kwenye mtori. Daniel akazidi kukonda, hadi asubuhi moja macho yakazama na kulia kukamshinda. Wakateremka naye hospitali, Moshi mjini.

Dripu ilipompa nafuu, nesi Gladness alikaa na Yuditha kitandani, akasimuliwa yote, hata maneno ya Kornelia. Akamweleza kwamba ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo mno, kazi yake kupokea chakula na kukiingiza kwenye damu. Bakteria wabaya wakifika humo hutoa sumu. Utumbo unamwaga maji badala ya kuyanyonya, na hali hiyo ikijirudia, vinyweleo vinachakaa.

"Kula anakula kweli, mama. Chakula kinapita tu."

Hatimaye mtu alikuwa amemwamini. Yuditha akangoja afurahi, wapi.

"Huo mtori unaupikaje?" Gladness akauliza.

"Ndizi na nyama vinachemka mpaka vinalainika, naponda. Halafu natia maji ya mfongo, upoe. Mtoto mwenye njaa hasubiri."

Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji ya mlimani hadi migombani. Maji yake ni baridi, yanang'aa, na Masama hakuna anayeyatilia shaka. Kabla ya kufika kwa Yuditha yanapita nyuma ya mabanda ya ng'ombe ya majirani wote wa juu.

"Na hayo maji unayachemsha?"

"Ya kupozea? Nikiyachemsha yatapozaje?"

Gladness hakucheka. Alimwambia taratibu kwamba bakteria wanaingilia hapo, kwamba asijilaumu, Daniel atapona na utumbo wake utajijenga.

Yuditha akamtazama mtoto aliyelala. "Kabla ya huyu nilikuwa na Rachel," akasema. "Naye alikuwa anakula."

Nesi akamshika mkono. Yuditha akauacha ushikwe.

"Mama mkwe anakuja jioni," akasema baadaye. "Mwambie maji ya mtoto yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe. Sababu usimwambie."

"Kwa nini? Si ndiye anayekusema?"

"Ndiye aliyenifundisha kupoza. Na yeye amezika watoto wanne."