Kidole cha Wilondja wa Mawese

Mwaka 1967 nilikuwa na miaka tisa, na ndipo shida yangu ilipoanza. Baba alikufa, mama akaolewa mlima mwingine, shule nikaiacha ningali najifunza kuunganisha herufi, bibi akanichukua. Sisemi haya unihurumie. Nasema ujue anayeandika ni nani: mtu wa darasa la pili, mzaliwa wa Fizi, mkimbizi wa kambi ya Nakivale, ambaye hajanunuliwa na mtu hata kijiko.

Humu ndani, rafiki yangu, watu wote nitawaita kwa kazi yao au kwa undugu wao. Mmoja tu nitamtaja jina. Yule mwimbaji jina lake unalijua, redio imelitaja hadi limechakaa, basi mimi nimemnyima. Hiyo ni adhabu ninayoiweza kwa kalamu. Nyingine utaisikia huko mbele.

Mwaka jana nilikuwa Mbarara, nimeketi kwa kinyozi pale chini ya Kamukuzi, kichwa kimeshanyolewa upande mmoja. Redio ikafungua ule wimbo uliompa sifa mwimbaji yule. Gita linaanza peke yake, linateremka kama mtu anayeshuka mlima na mzigo kichwani, halafu mahali fulani linaruka sauti moja, linachechemea, linaendelea. Ukiwa umezaliwa kwetu umeshalijua. Kinyozi akaacha kazi, akatikisa mabega.

"Eh, ssebo! Huyu mwimbaji alikuwa anapiga gita tamu sana!"

"Huyo hajapiga gita hata siku moja," nikamwambia.

"Lakini mzee, kwa picha iko na gita."

"Hata mbuzi ukimpa gita, picha itatoka."

Nikasimama, nikavua kile kitambaa chake. "Mzee, rudi! Kichwa iko nusu!" Sikurudi. Nilitembea hivyohivyo mpaka Ruharo, watu wakidhani nimetoroka hospitali. Hasira ilikuwa ya zamani mno, isingeweza kukaa kwenye kiti cha kinyozi.

Gita lile nililisikia likizaliwa.

Kwetu, kiangazi kilikuwa na harufu moja: mawese yakichemka. Wanawake wanaponda chikichi kwenye kinu kikubwa, moshi unazunguka nyumba, mikono ya kila mtu ni myekundu hadi kwenye kiwiko. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mtoni na kuyamwaga kwenye pipa. Bibi alisimamia moto, akinitukana kwa upendo kila nilipomwaga njiani. Jioni tulikula ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, iliyoogelea ndani ya mawese mapya, na ndagala, dagaa wa kwetu, juu yake. Mpaka leo sijala chakula kingine. Nimekula vingine tu vya kujaza tumbo.

Jirani yetu ndiye aliyepanda michikichi kukata mikungu. Huyu ndiye ninayemtaja: Wilondja. Tulimwita Wilondja wa Mawese kwa sababu nguo zake hazikutakata. Siku moja akiwa juu ya mti panga lilimteleza, likachukua ncha ya kidole chake cha tatu cha mkono wa kushoto. Alishuka, akakifunga kwa jani, akapanda tena. Mikungu ilikuwa bado.

Gita alijitengenezea mwenyewe. Tumbo lilikuwa kopo la mraba la mafuta, shingo mbao ya mvule, na nyuzi alizichambua kutoka kwenye waya wa breki ya kinga, yaani baiskeli, iliyokufa. Kila jioni alizipaka mawese zisipate kutu. Bibi alisema ndiyo maana sauti yake ilikuwa nzito: gita lenyewe limekula vizuri.

Ule wimbo aliutunga mke wake alipokasirika na kurudi kwao. Wengine wangepeleka wazee na mbuzi. Wilondja alibeba kopo lake, akaenda akaketi mbele ya nyumba ya baba mkwe, akapiga mchana kutwa bila neno. Watoto wote tulimfuata. Kidole kilichokatika hakikuufikia uzi mmoja, kwa hiyo kila alipopita pale gita liliruka. Mke alivumilia ndani, akavumilia, kisha tukasikia kicheko.

"Wilondja! Hata gita yako inachechemea! Nani atakubebea maji?"

Akatoka na kikapu chake. Wakarudi pamoja, sisi nyuma tukicheza. Hivyo ndivyo wimbo huo ulivyoanza. Haukuanza studio.

Mwimbaji alikuwa kijana wa mlima uleule, mwenye sauti nzuri. Hilo siwezi kumnyima, Mungu alimpa. Aliutia maneno wimbo wa Wilondja, wakawa wanaitwa pamoja kwenye arusi. Lakini kwetu kulikuwa na desturi: mwimbaji ndiye anayetupa majina hewani. Katikati ya wimbo anamtaja chifu, anamtaja mwenye duka, anamtaja baba wa bibi arusi, na kila aliyetajwa anajiona mrefu. Kwa hiyo wakubwa walimwita mwimbaji ndani, akala nyama pamoja nao. Mpiga gita alibaki uani. Nilitumwa mimi kumpelekea sahani yake: ukoko wa ugali na mchuzi wa chini ya chungu. Bibi aliniona nikiubeba, akasema, "Mdomo unakula, mugongo unabeba." Sikumwelewa siku ile.

Na katika majina yote yaliyotupwa, sikusikia jina la Wilondja hata mara moja. Mwimbaji alimtaja mpaka mbwa wa chifu.

Wakaenda mjini, wakarekodi. Diski ilipofika kwetu tulikusanyika kwa mwenye duka kuitazama. Kwenye jalada yuko mwimbaji peke yake, ameshika gita zuri la dukani. Nikatazama mkono wake. Vidole vyote vizima. Wilondja naye aliichukua ile picha, akaitazama, akacheka kidogo, akaenda kukata mikungu.

Miaka mingi baadaye vita ilitusukuma wote hadi Nakivale. Mimi nilitelemka Mbarara kutafuta maisha, nikabeba viti na maturubai ya Hajji mmoja mwenye kukodisha, mpaka aliponiachia yake makuukuu na mimi nikaanza biashara ya kwangu. Wilondja alilima mahindi kambini. Kopo lake lilibaki Fizi. Alipofariki, mchungaji alisimama kaburini akasema, "Alikuwa mkulima mwaminifu." Akafunga Biblia. Mjane wake alinishika mkono akaninong'oneza, "Ni hiyo tu?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Siyo hiyo tu." Niliahidi hivyo bila kujua nitafanyaje.

Sasa sikiliza.

Baada ya ile siku ya kinyozi, alikuja kwangu baba mmoja tajiri wa kambini kukodi vyombo vya arusi ya binti yake. Alitaka viti, turubai, bafle, zile spika kubwa zinazotikisa bati, na sherehe yote irekodiwe wapelekewe ndugu zake wa ng'ambo. "Na nimekuletea mugeni," akasema. "Anatoka mbali." Akalitaja jina la yule mwimbaji. Nilimshukuru sana. Bei nikampunguzia.

Siku ya arusi nilimleta mjane nikamketisha mstari wa mbele. Kisha nikamwendea mpiga gita. Alikuwa mama mmoja Mrundi anayeuza ndizi sokoni, fundi kweli wa gita, naye kama kawaida kiti chake kimefichwa nyuma ya bafle. Nikakibeba kiti nikakiweka katikati.

"Mzee, watanifukuza hapa," akasema.

"Viti ni vyangu, mama. Kaa."

Mwimbaji akafika, mzee kama mimi, kofia, viatu vyeupe. Vumbi la Nakivale liliviheshimu dakika chache tu. Akashika mikro. "Wimbo huu, bandugu," akasema, "niliutoa mwenyewe, kwenye hivi vidole vyangu!" Watu wakapiga vigelegele. Mama Mrundi akaanza, gita likateremka, likachechemea, na mwimbaji alipofungua mdomo nikaizima mikro yake.

Akaigonga. Akaipuliza. "Mzee, mashini imekufa?"

Nikachukua ya kwangu. "Haijakufa. Ni mie ndiye nimeizima. Nina swali. Huu wimbo, pale fasi gita inaruka, inaruka juu ya nini, sababu gani?"

Mama Mrundi akajibu wa kwanza: "Mimi nimeukuta hivyo kwa redio. Ndivyo unavyopigwa."

"Ni mutindo yangu," mwimbaji akapaza sauti. "Mie ndiye niliweka vile. Washa mashini, mutu wangu, usiharibu arusi ya batu."

Baba wa bibi arusi alikuwa ananijia amekunja uso, lakini mjane akawahi kusimama. Alikwenda polepole na fimbo yake hadi mbele ya mwimbaji.

"Leta mukono."

"Mama, wewe ni nani?"

"Leta mukono, tuone vidole." Akaushika mkono wa kushoto, akauinua juu kama mtu anayenunua kuku. "Batu, muangalie! Kimekatika wapi? Mie sikioni. Mwenye kidole ya kukatika alikuwa bwana yangu, na hii wimbo alinipigia mie, kwetu, kwa lupango, kwa uwanja ya baba yangu. Wewe ulikuwa unakulaka ugali kwangu. Umenisahau mie, ao umesahau ugali?"

Turubai zima likaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akaita, "Kiatu cheupe, jibu mama!"

Mwimbaji akamtazama vizuri. Nikaona uso wake unamjua. "Mama, hayo ni ya zamani."

"Hata mie ni wa zamani. Niko hapa."

Baba wa bibi arusi naye akasimama palepale, mikono nyuma, akisubiri jibu kama wengine. Mwimbaji akalitamka jina la yule mwenye kidole, kwa sauti ya mgonjwa. Mjane akaweka mkono sikioni. "Sema tena."

"Wilondja."

"Wilondja gani? Bako mingi."

Hapo nikaiwasha mikro yake. Na lile jibu lilitoka kwenye bafle zangu zote, likapita juu ya mabati, wakalisikia hata waliokuwa kisimani: "Wilondja wa Mawese! Ndiye alitunga. Ndiye alipiga."

Mama akarudi kitini, akatandaza kitenge chake magotini. "Sasa aimbe," akasema. Akaimba, na aliimba vizuri, sisemi uongo.

Chakula kilipofika niliingia mwenyewe jikoni. Sahani ya kwanza, yenye nyama, nilimpelekea mama Mrundi. Ya pili mjane. Mwimbaji nilimpelekea uani, nyuma ya bafle, ukoko wa ugali na mchuzi wa chini ya chungu. Alinitazama. Sijui kama alimkumbuka yule mtoto wa sahani. Alikula.

Utasema, mzee, samehe. Mchungaji alisema hivyo pia. Nilimjibu kwamba hata kaburini hakumaliza kazi yake, asinifundishe yangu.

Mama Mrundi siye wa mwisho. Kila arusi kuna mmoja nyuma ya bafle, anainamia nyuzi, na watu wanarudi nyumbani wakisifu koo la mwingine. Kwangu wanakaa mbele na wanakula kwanza. Usiyetaka, kakodi kwingine.

Bibi hayupo. Michikichi ile niliambiwa imeungua. Mawese ninayonunua Nakivale huja kwenye chupa za plastiki na hayanuki kitu. Siku nyingine, kitambaa cha kufutia bafle kikiwa mkononi, najikuta ninakinusa, nikidhani kina mawese ya kwetu.

Leo nina nyumba ya matofali yenye bati. Kiwanja ni cha serikali, nyumba ni yangu. Nina maturubai manne na viti vya kutosha makanisa mawili. Nina jenereta, bafle sita, mikro tatu. Nina ng'ombe wawili, wanachungwa na rafiki yangu Mnyankore huko Endiinzi. Nina meno yangu karibu yote. Na nina kadi ndogo kama ukucha, ambamo arusi ile ilirekodiwa. Kila arusi ninayofunga vyombo, iwe kambini, iwe Mbarara, kabla bibi na bwana arusi hawajaingia, naifungulia sauti ile ya mwimbaji maarufu, kwa nguvu zote za jenereta, ikitupa jina moja.