Orodha ya Kliniki Ndani ya Simu Yangu

Laiti ningekataa siku ile karani wa kliniki ya serikali hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, aliponiambia, "Mzee, kompyuta yetu imekufa. Nakutumia kwa simu orodha ya wanaomeza dawa za virusi vya Ukimwi, ukaichapishe mjini Mbarara."

Nilijiona mtu mkubwa, siri za serikali mfukoni, miwani nimeisahau nyumbani. Huko Mbarara mwenye duka la kuchapisha akanipa namba yake ya WhatsApp. Nikabonyeza, nikatuma, nikangoja.

"Mzee, hakijafika kitu."

Kilikuwa kimefika kwenye kundi la kwaya yetu ya kanisa. Simu ikalia. Alikuwa Nyota, dada yangu mdogo na mwanakwaya mwenzangu, ambaye kwa Kiswahili chetu cha Kongo huniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, huu ugonjwa niliuficha hata kwako. Sasa baimbaji bote banaujua?"

Alihamia kambi nyingine, Oruchinga, bila kuniaga. Nimempoteza ndugu pekee niliyekuwa nimebaki naye.