Chai ya Mama Mkwe, Ng'ambo ya Kamanga

Nilivuka ziwa kwa sababu ya chai. Mke wangu Kabula alikuwa na mimba changa, na hakuna alichokula kikakaa tumboni. Kila asubuhi nilimwandalia chai ya vifuko, ile yenye kamba. Alikishika kifuko kwa vidole viwili kama mkia wa panya.

"Hii inanuka karatasi," alisema. "Nataka ya majani, kama ya mama."

Nikanunua majani sokoni, nikayachemsha mpaka yakatoa maji meusi kama lami. Akaonja, akatoka mbio. Alikuwa amekonda hadi nikaogopa.

Jumamosi asubuhi niliiacha cherehani yangu Butimba, nikashuka mjini kupanda kivuko cha Kamanga. Abiria mmoja mwenye kuku aliniuliza ninafuata nini ng'ambo.

"Kujifunza kupika chai."

Akawasogeza kuku wake mbali nami.

Kutoka kivukoni nilichukua bodaboda, nikafika kwa wakwe jua halijawa kali. Tatizo nililijua tangu nyumbani: kwa mila zetu, mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, sembuse kukaa jiko moja.

"Shikamoo, mama," niliuambia ukuta wa jiko.

"Marahaba, mwanangu," ukuta ukajibu.

Baba mkwe, mzee mcheshi ambaye masikio yameanza kumchoka, akapata ufumbuzi. Mama apike ndani, mimi nipike nje kwenye jiko la mkaa, yeye akae mlangoni apitishe maneno.

"Mwambie maji yakichemka aipue, ndipo atie majani," mama alisema.

Nilisikia vizuri, lakini kwa adabu nikasubiri baba arudie. Nikatia.

"Sasa mwambie afunike."

"Anasema ufunue!" baba alitangaza.

Nani atambishia baba mkwe? Nikafunua. Mvuke ukaenda zake, na harufu nzuri ikaufuata. Chai ile ikamwagwa migombani. Ya pili nayo vilevile. Mara ya tatu baba alisikia sawasawa, ila alianza kunisimulia habari za ng'ombe wake, maziwa niliyobandika kwa ajili ya chai yakapanda sufuriani.

"Wewe mkwe, ipua maziwa!"

Mama alikuwa ametokeza mlangoni, mwiko mkononi, tumekodoleana macho.

Tukaganda. Mama akajifunika uso kwa kanga, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Basi, maji yameshamwagika," alisema. "Sogea nikuonyeshe."

Aliyatia majani, akafunika, akatulia. "Usiyachemshe. Yaache yapumzike." Alipofunua, yale yaliyojikunja yalikuwa yamekunjuka, na maji yamekuwa na rangi ya shaba. Akachuja, akanipa kikombe bila maziwa wala sukari. Kilinikwaruza ulimi kidogo, kisha kikaacha utamu kooni. Miaka yote nilikuwa nakunywa sukari ya moto nikidhani ni chai. Nikaomba kikombe cha pili, kisha cha tatu.

Jioni nilirudi na fungu la majani alilonipa mama, aliloletewa kutoka Bukoba.

Asubuhi nikapika, nikasimama pembeni kama mshtakiwa. Kabula alinusa, akanywa. Kisha akaomba kiazi. Kikakaa. Akaomba kingine, nikageuka dirishani ili asione macho yangu.

Nilichojifunza ni kwamba majani ya chai hayataki moto mwingi, yanataka subira. Siku hizi Kabula amepona kichefuchefu, anakula hata samaki. Ila chai hapiki.

"Mimi mama hakunifundisha," anasema, akijivutia blanketi. "Amekufundisha wewe."