Feni Iliyonyamaza Chumbani kwa Baba

Mimi kelele sizivumilii, na mdomo wangu nao hauna breki. Kwa hiyo niliporudi nyumbani Utemini kumuuguza Baba, nikiwa nimebeba laptopu ya kazini iliyochoka, nilijua tutagombana tu, mimi na ile feni yake ya ndani. Laptopu yenyewe aliniachia bosi wangu wa mradi wa visima alipomaliza mkataba. Betri ilishakufa, inaishi kwa waya, na feni ilinguruma tangu unapoiwasha mpaka unapoizima.

Baba alikuwa amepooza upande wa kulia. Maneno yalimtoka machache na mazito, lakini akili ilikuwa timamu. Soketi nzima ilikuwa moja tu, kando ya kitanda chake, basi nikaiweka laptopu juu ya stuli iliyogusana na ubao wa kitanda. Hapo nikawa nachapa ripoti zangu huku namfukuzia nzi na kumgeuza ubavu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nyumba nzima tulimficha. Mashine yake ya kukamua alizeti, iliyokaa uani nyuma ya ukuta wa chumba kile kile, ilikuwa imeuzwa wakati amelazwa. Mama ndiye aliyeiuza, maana matibabu hayakusubiri. Mnunuzi alikuja na lori kutoka Nduguti, wakaing'oa pamoja na mota yake, yakabaki matundu ya nati sakafuni na madoa ya mafuta.

Asiyemjua Baba ataona ni chuma tu. Alikuwa karani wa ushirika miaka ile alizeti yote ya mkulima ilipopitia huko. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, yeye alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuleta mashine yake mwenyewe, akaifunga kwa mikono yake. Baadaye mafuta ya nje yakajaa madukani kwa bei ya kutupa, wenzake wakafunga mmoja mmoja. Yeye akasema hafungi, na hakufunga. Mama aliogopa kwamba akijua imeuzwa atakata tamaa, na mgonjwa akishakata tamaa utamfanya nini? Hata mimi niliogopa, tena sana.

Kabla sijafika, alikuwa akiuliza kila asubuhi mbona mashine iko kimya. Mama akamwambia umeme umekatika. Kesho yake, umeme tena. Keshokutwa, mota imepelekwa kwa fundi. Mama wa watu hajui kudanganya. Akishamjibu anakwenda jikoni kulia. Lakini tangu nilipofika, Baba aliacha kuuliza. Mama akasema alhamdulillahi, amesahau. Kila asubuhi akimletea uji akawa anamsimulia, bila hata kuulizwa, kwamba mota imepona na wateja wameshaanza kuingia. Baba aliitikia kwa kichwa, akanywa uji wake.

Sasa ile feni. Mama ndiye aliyenianza: hilo dude linamsumbua mgonjwa, na mgonjwa anataka utulivu. Shangazi, dada yake Baba, alipokuja kumjulia hali naye akadakia, eti kama kazi yenyewe ni kupiga kelele si bora nikatwange mahindi. Nikanuna siku nzima. Lakini walikuwa na haki, hata mimi kichwa kilikuwa kinaniuma.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, Baba akiwa amesinzia, nikaihamishia laptopu kwenye meza ya cherehani ya Mama. Nikafungua skrubu kwa bisibisi yake ndogo. Jamani, vumbi la Singida! Upepo wetu haumwachi mtu na macho yake, sembuse mashine. Mle ndani kulikuwa na tabaka zima, zito kama kipande cha blanketi. Nikalivuta kwa kibano, nikapuliza lililobaki kwa pampu ya baiskeli, nikatia tone la mafuta ya cherehani pale feni inapozungukia. Nikairudisha kwenye stuli, nikachomeka waya, nikaiwasha. Kimya kabisa. Mama akacheka, akasema kumbe ada yangu ya shule haikupotea bure.

Nikaketi, nikaendelea kuchapa. Baada ya muda Baba akafumbua macho. Akautazama ukuta wa upande wa uani.

"Umeme umekatika?" akauliza.

"Hapana Baba, upo," nikamjibu bila hata kuinua kichwa. Taa ilikuwa inawaka juu yetu.

Akaitazama taa, akarudisha macho ukutani. Ndipo nikaelewa. Ule mngurumo uliopita kwenye ubao wa kitanda mpaka mgongoni kwake, kwake yeye ulikuwa ni mashine. Ulianza asubuhi nilipoanza kazi, ukakoma jioni nilipofunga. Umeme ulipokatika, laptopu isiyo na betri ilizimika pamoja na taa. Siku zote hizo hakuwa amesahau chochote. Alikuwa analala akiisikiliza mashine yake ikifanya kazi.

"Mmeiuza," akasema.

Uongo niliutafuta, wallahi, nikaukosa. Nikamshika mkono wake mzima, nikasema ndiyo, Baba. Nikalia, naye akalia, bila sauti. Kisha akauliza iko kwa nani, nikamwambia. Akauliza kama tulimweleza huyo mtu asiiwashe kavu. Nikasema hatukumweleza. Akafumba macho kwa uchungu, halafu akanipa maelezo neno kwa neno: asubuhi ilishwe kwanza mashudu ya jana, yale makapi yaliyokwisha kukamuliwa, ipate joto, ndipo itiwe alizeti. Akataka ujumbe ufike Nduguti. Nikamwahidi kumtuma konda wa basi, na kesho yake nikamtuma.

Nilipotaka kuinuka akanibana vidole.

"Mama yako asijue kama nimejua," akasema. "Amehangaika mno."

Asubuhi iliyofuata Mama akaingia na uji. Laptopu ilikuwa inawaka pale pale kwenye stuli, haitoi hata mlio. Mama akaketi kitandani, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kumsimulia kama kawaida yake: mashine imewashwa mapema leo, watu wa Mgori wamejaza magunia uani, hata pa kupita hakuna. Mimi na mdomo wangu huu nikainamia kazi yangu. Mle chumbani kilisikika kijiko tu, kikigonga bakuli.

"Nawasikia," Baba akasema, akafungua mdomo apewe kijiko kingine.