Nyumba Mbili za Magurudumu na Kamba ya Mafundo Matatu

Binti yangu ni daktari wa meno. Alipoacha kazi yake katika hospitali ya mjini Bunia ili awafuate wagonjwa vijijini, hakubakiza mlango wa kurudia: nafasi yake ilipewa mtu mwingine wiki ileile. Akiba yake ilitosha nyumba moja ya kutibia, ya kukokotwa nyuma ya gari, wala si zaidi, naye alikuwa amewaahidi akina mama wa parokia moja ya Gety kwamba angefika kwao kabla mvua hazijakolea. Akikosea kuchagua, basi.

Nyumba zenyewe zilikuwa mbili, katika garaji moja ya Mbunya, mjini humohumo, zimeachwa na wageni waliomaliza kazi na kurudi makwao. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye mapazia, bafu na zulia. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kupumzika kando ya maji, mahali ambapo barabara imetandazwa kama mkeka. Ya pili ilikuwa fupi, rangi ya majivu, madirisha madogo, matairi mapana, na tumbo lake lilikaa juu sana ya ardhi. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu.

Mtaani kwetu Rwambuzi kila mtu alikwisha kutoa hukumu kabla ya kuziona. Walisema nyeupe ndiyo imfaayo daktari. Walisema ile ya majivu ilikwisha kupinduka mara mbili. Nilimwuliza kila mmoja, "Uliona kwa macho yako?" Hakuna aliyeona. Mmoja alisikia kwa shemeji yake, na shemeji alisikia kwa muuza mafuta. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka mingi, na nimesoma ripoti nzuri sana za madarasa ambayo, nilipofika, niliyakuta ni nguzo nne na mbuzi. Kwa hiyo nilitia utepe wa kupimia mfukoni, nikafuatana na binti yangu hadi garaji.

Nilipima kila kitu: ekseli, shingo ya kukokotea, nafasi kati ya sakafu na udongo. Kisha nikadai kila nyumba ivutwe na gari la binti yangu kupita mfereji ulio nyuma ya garaji, ambao mvua ya jana yake ilikuwa imeujaza tope. Mekanisia, fundi wa garaji ile, alinitazama kama anayetazama ng'ombe aliyekataa kuvuka.

"Muzee, weye unanunua ao unafanyisha examen?"

"Ninafanyisha examen," nilimjibu.

Ile nyeupe ilishuka mferejini kwa adabu, lakini mkia wake ukakaa juu ya ukingo na kugoma. Tuliitoa kwa mbao na jasho. Ile ya majivu ilipita, ikageuka, ikapita tena. Nilifunga daftari langu nikiwa mtu aliyeridhika, nikamwambia binti yangu kwamba shauri limekwisha.

"Bado, Papa," alisema. "Shangazi hajafika."

Shangazi yake ni dada yangu mkubwa, mwanamke ambaye amenizidi miaka mitano na maneno maelfu. Binti yangu alikuwa amemwomba aje aingie katika kila nyumba kama mgonjwa, akae, afungue kinywa. Nilidhani ni heshima tu anayompa mzee wa ukoo. Dada alishuka kwenye pikipiki, akapanga liputa lake, kitenge cha kujifunga, vizuri kiunoni, akaenda mpaka mbele ya mlango wa nyuma wa ile ya majivu. Chini ya mlango kulikuwa na kidato kimoja cha chuma, na kidato chenyewe kilikuwa juu ya goti lake. Alikitazama. Akatutazama sisi.

"Nipandishe muguu hapo, liputa ifike wapi?"

Mekanisia akageuka upesi kutazama ukuta.

"Mama, tutakufanyia ngazi ya chuma," alisema akiwa amegeukia ukuta.

"Ngazi! Nipande kama muchuma maembe, watu yote chini banaangalia?" Kisha akanigeukia. "Weye mutoto wa mama yangu, ulipima matairi. Mimi hukunipima."

Nilikuwa nimepima kila chuma, na wagonjwa wengi wa binti yangu wangekuwa wanawake wazima wenye maputa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Tungefika Gety bila kukwama, halafu mama mwenye jino lililooza angekitazama kile kidato, na angerudi nyumbani na jino lake. Kutibiwa nje nako hakufai: nani anapenda kufunua kinywa mbele ya soko zima?

Dada aliingia katika ile nyeupe kama mtu aingiaye nyumbani kwake. Tulimsikia akijaribu kitanda.

"Hii ndiyo nyumba," alisema dirishani. "Ile ingine iko ya askari."

Hivyo ndivyo shauri lilivyorudi mwanzo: moja ingefika isiingilike, nyingine ingeingilika isifike. Binti yangu aliniomba utepe, akapima urefu kutoka udongoni mpaka kizingiti cha ile ya majivu, akamwomba mekanisia kipande cha kamba. Akaikata sawa na kipimo kile, akaifunga mafundo matatu yaliyoachana sawasawa.

"Ninachukua hii ya majivu," alisema. "Ngazi itangojea kwenye tunafika. Wamama watafanya salongo, kazi ya wote pamoja, watajenga ya udongo, kila fundo kidato yake."

Nilimshauri aandike barua yenye vipimo, kama ilivyo desturi ya watu waliosoma.

"Papa, barua itasomwa na mutu moja, wengine watasikia kwake. Na weye ulinifundisha nini juu ya maneno ya kusikia?"

Nimewakagua walimu wengi. Sikumbuki aliyewahi kunijibu vizuri kuliko hivyo. Kamba ilitangulia Gety mkononi mwa katekista wa parokia ile.

Siku ile tulipokwenda, njia ilikuwa wazi, lakini mvua ilikuwa imeichimba. Nilikaa kando ya binti yangu na kuhesabu mahali ambapo ile nyeupe ingebaki. Nilipofika saba niliacha. Katika uwanja wa parokia vidato vilikuwa tayari, vya udongo mwekundu ulioshindiliwa, kingo zake zimefungwa kwa mawe. Binti yangu alirudi kinyumenyume, jambo gumu kwa gari lenye mkia, maana ukikata usukani kulia nyumba huenda kushoto. Alirudi polepole, akasimama, akasogea tena kidogo, mpaka kizingiti kikagusa udongo.

Niliona kwamba vidato vilikuwa vinne, si vitatu. Nilimwuliza mama aliyesimamia kazi kama kamba ilipotea njiani.

"Ilifika, muzee. Tulijenga tatu. Halafu tukapandisha bibi wetu mwenye kuzeeka kupita wote, akasema muguu inakataa. Tukabomoa, tukajenga ine."

Binti yangu alicheka, akatoa kalamu, akaandika daftarini: vidato vinne. Sikuona aibu hata kidogo usoni mwake kwa kusahihishwa, na hilo nililistahi kuliko ustadi wake wa usukani. Mimi ningetafuta kosa la kamba.

Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza. Alipanda mkono mmoja ukiwa ndani ya mkono wa binti yangu, na liputa lake halikuinuka. Mlango ukafungwa.

Niliporudi Bunia nilimweleza dada yangu yote, kidato kwa kidato. Alisikiliza akichambua maharagwe.

"Hiyo ni maneno ya watu," alisema. "Mimi sijaona."

Safari iliyofuata, nilipofika kwenye gari, nilimkuta amekwisha kukaa mbele, mahali pangu, na utepe wangu ulikuwa mapajani mwake.