Wino kwenye Kidole cha Mama

Mama aliniomba mara ya kwanza tukiwa tunachuma kahawa. Alinyoosha mgongo, akaonyesha kwa kidevu kipande cha chini, kule mfereji unakopita. Alikinunua mwenyewe kwa kuuza ndizi.

"Baba," alisema, akiniita kama alivyozoea, "kile nataka kiwe cha wasichana. Wakiolewa vibaya wawe na pa kurudi. Nitafutie mtu wa mihuri."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na wa kiume peke yangu. Baba alipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikaingia gereji Njoro ili wadogo zangu wawili wa kike wasome. Kwetu ardhi humfuata mwana wa kiume. Mama alijua kwamba bila maandishi, ukoo hautauliza yeye alitaka nini.

"Mama, kuandika wosia ni kuita kifo."

"Kifo kinajua kusoma? Jirani yetu hakuandika hata barua, na Jumamosi tumemzika."

Nilicheka, nikaendelea kuchuma. Lakini alinisumbua mpaka nikaandika maneno yake kwenye karatasi ya daftari, akatia saini kwenye meza ya jikoni. Ijumaa niliibeba kwa wakili mjini, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Nilidhani kilichobaki ni mhuri tu.

"Mwenye mali yuko wapi?" aliniuliza.

"Nyumbani. Saini yake hiyo hapo."

"Sikuiona ikitiwa." Akanirudishia karatasi. "Mlete hapa, au nipeleke kwake. Aje na kitambulisho, na mashahidi wawili wasiorithi chochote. Nimsikie yeye akisema, kisha asaini mbele yangu. Na usichelewe, kijana. Watu huniita wagonjwa wakishakata kauli."

Nikipanda kurudi nyumbani nilijisikia mwepesi. Nilijiambia ni kwa sababu kazi imeahirishwa. Sasa najua kwamba sehemu yangu moja ilikipenda kile kipande. Nilimwambia mama tutakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa mvua, na iliyofuata nilikuwa na gari la mteja. Hakunikumbusha tena. Labda alinisoma usoni.

Kiharusi kilimkuta akiwakatia ng'ombe majani. Siku ya tatu hospitalini nilimfuata wakili mbio, naye akaja mchana ule ule. Mama mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, pembeni ya dada yake.

"Shikamoo, mama," wakili alisema, akainama. "Unanisikia? Unajua nimekuja kwa nini?"

Mama alifungua macho. Midomo ilicheza.

"Kile kipande cha mfereji unataka kumpa nani?"

Alinitazama mimi. Wakili alisubiri, akauliza tena polepole, akasubiri tena. Halikutoka neno.

"Mnasubiri nini?" Mama mdogo alitoa kidau cha wino kwenye mkoba, alikuja amejiandaa. Akakamata mkono wa mama, akakandamiza kidole gumba kwenye wino. "Lete karatasi. Mungu anaijua nia yake."

"Mungu anaijua, mama. Mimi sijaisikia." Wakili aliivuta karatasi kifuani.

"Umekuja kusaidia au kutazama wagonjwa?"

"Nikikubali hiki kidole, kesho mwingine atakuja na kidole cha maiti."

Mkono wa mama ulianguka, ukachora mstari wa bluu kwenye shuka. Alifariki keshokutwa yake. Mdogo wangu yule mkubwa kati ya wawili ndiye aliyemwosha. Alisugua kile kidole kwa sabuni, na wino ukabaki kwenye mikunjo. Tulimzika nao, pembeni ya baba.

Ukoo ulipokaa, niliwaeleza mama alivyotaka.

"Karatasi ya wakili iko wapi?" baba mkubwa aliuliza.

"Hakuna."

"Basi mila ipo. Vyote ni vyako. Ukitaka kuwapa dada zako, hiyo ni huruma yako."

Wakanipa mkono wa pongezi. Wadogo zangu walikuwa jikoni wanapakua chakula cha hao waliotugawa.

Taratibu za mirathi zilipokwisha, niliwachukua wote wawili kwa wakili yule yule. Alikuwa ameandaa hati ya zawadi. Mdogo wangu mkubwa aliisoma yote, akasimamisha kidole kwenye jina langu.

"Hapa pasomeke kwamba kimetoka kwa mama."

"Haiwezekani," wakili alisema. "Anayetoa ni huyu aliyekaa mbele yangu."

Mdogo wangu alinigeukia. "Kaka, ulikuja hapa lini mara ya kwanza?"

Nilimwambia ukweli wote: ile Ijumaa, mvua, gari la mteja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi wewe ndiye umenipa," alisema. "Mama hakunipa kitu."

Hakusema kwa hasira. Alichukua kalamu akasaini, akasogea pembeni ili mdogo wake akae.