Neno Dogo Alilolimeza Msimamizi

Mtu aliyenifukuzisha kazi Ghuba ni wa Makueni, jirani tu na kwetu Kitui. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi. Kule dobini Wakamba tulikuwa wawili, mimi na yeye. Siku niliyofika alinisalimia kwa Kikamba, nikakaribia kulia.

Yeye alikuwa msimamizi. Mimi nilikunja mashuka ya mahoteli. Karibu na meza yangu alisimama mzee Mpashto, mpiga pasi, ndevu zake zimepakwa hina. Wenzake walimwita kaka, ambalo kwao ni baba mdogo, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita lur, yaani binti. Tulielewana kwa Kiarabu cha kuokoteza, na wakati wa chai alinifundisha maneno machache ya Kipashto. Niliyashika haraka yale yanayofanana na yetu. Kharab, kwa mfano: kitu kilichoharibika.

Siku moja mashine kubwa ya kupiga pasi mashuka iliungua. Msimamizi alikuwa amefungua mvuke hadi mwisho ili tumalize kazi mapema, ingawa fundi alishamkataza. Mimi niliona, na kaka aliona. Lakini msimamizi alimwambia meneja ni mimi. Kaka alikuwa ameshasafiri kwenda kwao likizo, kwa hiyo meneja akamwomba atume ushahidi wake kwa simu. Mzee hakujua kuandika. Akatuma sauti, kwa lugha yake, na nakala akanitumia mimi. Aliyeombwa kutafsiri ni msimamizi, maana alikuwa amekaa na Wapashto miaka mingi.

Tukasimama ofisini, sauti ikasikika: "Jinai mashin kharab na kar."

"Anasema msichana aliharibu mashine," msimamizi akamwambia meneja.

Meneja alilijua neno kharab, lipo katika Kiarabu. Mimi nilijua jinai ni msichana. Mashin halihitaji mkalimani. Nikalia. Nilichoamini pale ni kwamba kaka amenisaliti. Sikujiuliza kwa nini mtu anayenisaliti anitumie nakala.

Baada ya siku nne nilikuwa nimefukuzwa na kurudishwa Zombe, kwetu Kitui, na habari zilikuwa zimenitangulia. Msimamizi alikuwa amewapigia simu watu anaowajua huku. Jumapili ya kwanza kanisani, mama mmoja wa kikundi cha maombi aliniwekea mkono kichwani mbele ya watu wote, akaomba niondolewe roho ya uharibifu. Mwaitu, mama yangu, alikuwa ameketi kiti cha mbele. Hakuinua uso hadi ibada ikaisha.

Kaka alinipigia simu mara nyingi. Sikuipokea. Miezi ikapita, hadi asubuhi moja nilipokuwa napeta ndengu uani nikaipokea kwa hasira.

"Kwa nini ulisema niliharibu mashine?" nikamuuliza.

"Lur, isikilize tena."

"Nimeisikiliza mara mia."

"Sikiliza katikati. Kharab. Halafu nini? Halafu kar."

"Halafu na," nikasema.

"Hiyo na, kwetu, ndiyo hapana."

Nikaweka ungo chini.

Alinieleza polepole, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa. Vitenzi vingi vya Kipashto vimeundwa kwa maneno mawili: moja linataja hali, la pili ni kufanya. Kharab na kufanya, basi ni kuharibu. Tendo likiwa linaendelea, yale mawili hushikana yakawa neno moja, kharabawi, anaharibu. Ukitaka kukanusha unatanguliza na: na kharabawi, haharibu. Lakini tendo likishakamilika maneno yale yanaachana, kharab kar, aliharibu, na kikanushi kinaingia katikati yake: kharab na kar. Hakuharibu. Sisi pia tuna kupiga pasi, maneno mawili, ila tunakanusha mwanzoni kabisa: hakupiga pasi. Sikio langu lilingoja hapana mahali pasipo pake. Tena kwa mtu wa Kiswahili, neno na ni kitu cha kupita tu, kama chumvi ndani ya githeri.

Msimamizi alilisikia vizuri. Alilimeza makusudi.

Tangu siku hiyo nilijifunza Kipashto kwa simu, mara tatu kwa wiki, karibu mwaka mzima. Singesema niliipenda lugha. Nilikuwa nanoa panga. Kaka alifurahi kupata mwanafunzi, akanifundisha kwamba kila kitenzi cha aina hii kina ndugu yake: badala ya kufanya unaweka kuwa. Kharab kar, aliharibu. Kharab shu, iliharibika. Niliandika yote kwenye daftari, na kila mfano niliotunga ulikuwa na mtu mmoja ndani yake.

Kisha nikasikia msimamizi amerudi, na kwamba amefungua darasa mjini Wote, kwao Makueni, la kuwaandaa wanaokwenda Ghuba. Kiarabu, Kiingereza, na kwa wanaotaka, maneno ya Kipashto. Nikamwambia mwaitu naenda kujiandikisha. Akanitazama sana.

"Unaenda kusoma ama kupigana?"

"Kusoma," nikamjibu.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa kama kumi na watano, wengi wasichana wa umri niliokuwa nao nilipoondoka. Aliponiona alishtuka, kisha akatabasamu.

"Dada, karibu. Mungu ni mwema, tumeonana tena."

Nilisubiri hadi alipouliza kama kuna swali. Nikasimama, nikaomba nimsikilizishe sentensi atufafanulie. Nikaiwasha sauti ya kaka.

"Hiyo ni ya zamani," akasema.

"Inasema nini?"

"Inasema... msichana aliharibu mashine."

Nikaenda ubaoni bila kuruhusiwa. Nikaandika kharab, nikaacha nafasi, nikaandika kar. Nikawaeleza wale wasichana jinsi maneno yanavyoachana na kinachoingia katikati. Halafu nikampigia kaka simu, nikaweka kipaza sauti, nikamwomba arudie sentensi yake. Akairudia. Msichana mmoja nyuma akasema, "Nimesikia na." Wengine wakasema nao wamesikia. Nikaandika lile na pale katikati, nikawaambia msichana ni mimi.

"Dada, tulishasameheana haya mambo," msimamizi akasema.

"Uliniomba msamaha lini?"

Akatazama dirishani. "Mashine iliharibika. Ni vitu vya kazi."

"Hiyo ni shu," nikamwambia. "Mimi nataka kar."

Wasichana hawakujua bado shu ni nini, lakini walielewa. Walimgeukia wote. Nilisimama na chaki mkononi, na nilikuwa tayari kusimama hapo hadi jioni.

"Niliharibu mimi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Na mimi?"

"Wewe hukuharibu."

Nilimfanya aseme yote mawili kwa Kipashto pia. La pili alikosea, akaweka lile na mwanzoni, nikamrekebisha mbele ya wanafunzi wake. Siwezi kudanganya, ilikuwa tamu. Nilishuka ngazi nikicheka peke yangu hadi stendi.

Darasa lile halikumaliza muhula. Wanafunzi saba walinitafuta Zombe, nikawafundisha kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya yule mama wa maombi, ambaye sasa huniletea kiti. Msimamizi alikuja mara moja na mchungaji wake. Alitaka tushikane mikono. Nilimpa chai, mkono sikumpa.

Mtu aliyenishangaza ni kaka. Nilimpigia siku moja tu baada ya tukio la darasani nikimsimulia kwa furaha, naye akanisikiliza hadi mwisho.

"Hukuniambia kuna watu wanasikiliza," akasema. "Ulinitumia kumpiga mtu."

Hilo halikuwa limenipitia akilini hata kidogo. Nilimwomba msamaha siku hiyo, na nilimwomba tena wiki iliyofuata, kwa Kipashto, nikijitahidi nisikosee hata neno moja. Alikubali, na masomo yakaendelea. Yule mwingine bado hutuma salamu kupitia watu wa Wote. Sijamjibu, na sina mpango.